Goti Langu na Ngoma ya Kushuka

Juzi Zuwena, binti wa jirani yangu, kaja kwangu anachechemea. Anakimbia mbio za shule, na wameambiwa atakayeshinda atapelekwa Bara. Kapandisha nguo nikaliona goti lake: limevimba, linang'aa kama bilingani. Nikamuuliza linauma toka lini. Akasema, "Linauma, bibi, lakini nkizidi kukimbia linapoa."

Nilihisi kama mtu kanizaba kofi. Maneno hayo niliyasema mimi, hivyo hivyo, kabla mama yake hajazaliwa. Basi nimechukua daftari. Kusoma nimesoma chuoni tu, Kurani, na kuandika nimejifunza ukubwani, lakini majina siyasahau, na maumivu yale siyasahau. Zuwena, soma. Na mwengine yeyote anayelipiga goti lake kama punda, naye asome.

Mimi ni Riziki binti Haji. Nimezaliwa Kizimkazi, nikaolewa mjini, Kikwajuni, na Vuai, hamali wa bandarini. Miaka ile ya hamsini kila mtaa ulikuwa na ngoma yake ya wanawake, na kila ngoma ilikuwa na adui yake. Yetu ikiitwa Wembe. Adui zetu walikuwa watu wa Miembeni, na wao wakajiita Kinoo, makusudi, wapate kuimba kwamba wembe bila kinoo ni bati tu.

Mchezo wenyewe ulikuwa kushuka. Kila ngoma inatoa mmoja, wanasimama ana kwa ana. Ngoma ikilia wanashuka kwa magoti, polepole, mpaka makalio yabakie shibiri moja na ardhi. Hapo unakaa, unatikisa mabega, na uso uwe unacheka. Ngoma ikikuachia, unapanda. Ukigusa chini kwa mkono au kwa goti umeshindwa, na mtaa wako mzima umeshindwa. Mtaimbwa bombani mkiteka maji mpaka Sikukuu nyengine.

Mshukaji wa Wembe nilikuwa mimi. Aliyenifundisha ni Bi Kibibi binti Songoro, mwanamke mwembamba, mkono mmoja kashika kikombe cha kahawa na mwengine kashika mkwaju, fimbo ile ile ya chuoni. Kila baada ya alasiri tulikuwa uani kwake. Aliweka mbuzi ya kukunia nazi chini, ile ncha ya chuma imesimama, yenye meno, na wewe unashuka juu yake.

"Shuka! Shuka, Riziki! Unaogopa mbuzi? Mbuzi hang'ati!"

Ilikuwa inang'ata. Kovu ninalo, na mahali lilipo simwonyeshi mtu. Tulianza kwa kushuka mara ishirini, vuli ikaingia tukawa arubaini, karafuu zikianza kuanikwa tukafika themanini kwa siku. Ukikawia kupanda, mkwaju unakukata mapajani. Ukilia, unakukata mara ya pili.

Maumivu yalianza goti la kulia, chini ya kile kifuniko chake, kama mtu kaweka punje ya mchanga. Wiki ya pili ikawa changarawe. Wiki ya tatu ilikuwa kijiti cha moto. Nikipanda ngazi nilikuwa nashika ukuta na kutukana. Asubuhi magoti yote mawili yalikuwa yamekaza kama mlango uliolowa mvua, na nikiyakunja yanalia, kra, kra, hata Vuai anaamka. Lakini nikifika uani kwa Bi Kibibi, nikashuka mara kumi, kumi na tano, damu inachemka na goti linanyamaza. Nikasema, "Kumbe dawa yake ni ngoma yenyewe." Huo ndio ulikuwa uongo. Goti lilikuwa halijapoa. Lilikuwa limezibwa mdomo.

Mtu hajui goti ni nini mpaka limkatae. Nilishindwa kuchutama chooni. Nilishindwa kukaa kwenye mbuzi nikune nazi, nikawa nampikia mume wangu chukuchuku. Nikisujudu, kuinuka ni vita; nilikuwa nasali karibu na kitanda nipate pa kushikia, na mara nyengine nilibaki pale chini paji la uso mkekani, nalia, nasema Mola anisamehe, si unyenyekevu huu, nimekwama.

Bi Kibibi alinitia moto. Alipasha msumari mnene kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, wanawake wanne wakanilalia, akanichoma mara mbili kila goti. Harufu ya nyama yangu mwenyewe niliinusa. Nikamng'ata Bi Mize wa Pangu bega, maskini, aliyenishika kichwa. Siku ya tatu, madonda yakiwa mabichi, nikaitwa juu ya mbuzi, nikaanguka.

Nilipoanguka mara ya pili, Bi Kibibi hakusema kanishusha mno. Alisema, "Tumefukiwa kitu. Kinoo wametufukia kitu humu uani." Na sisi sote, hata mimi, tukaamini pale pale. Tulichukua majembe tukaupindua ua mzima. Tukatoa mfupa wa kuku, kitambaa chekundu na msumari wenye kutu. Sasa niambieni, ua gani wa Kikwajuni utauchimba usitoe mfupa wa kuku? Lakini siku hiyo tulipiga ukelele kama tumetoa maiti.

Asubuhi yake tulikwenda bombani kwao Miembeni, wanawake kumi na saba, na michi. Sikwenda kwa miguu mizuri. Nilikwenda kwa hasira. Walikuwa wanateka maji. Hapakuwa na salamu. Bi Mize alimshika mmoja nywele, mmoja akamshika Bi Mize kanga, ikachanika. Maji yakamwagika, tukawa tunapigana matopeni, tunateleza, tunakamatana masikio. Mimi nilikuwa na ndoo ya bati. Mwanamke mmoja mrefu alinijia anachechemea, mkono kauinua, nikamzungushia ndoo ile usoni. Nilisikia jino. Nilifurahi, astaghafirullah, nilifurahi mpaka nikasahau magoti kwa muda wa kutembea kutoka bombani hadi nyumbani.

Vuai alinikuta barazani nimenyoosha miguu, siwezi kuingia ndani. Akaondoa kanga, akayaona magoti, na yale madonda manne ya moto yanatoka usaha. Vuai hakuwa mtu wa maneno. Akaingia jikoni akatoka na kisu. Nikapiga kelele, nikidhani anakwenda kuua. Alikwenda kwa Bi Kibibi, akapita katikati ya wanawake, akaichana ngoma kubwa ya Wembe, ngozi yote, msalaba. Akarudi.

Mnadhani nilimshukuru? Nilimtupia mchi. Ulimpita sikioni ukavunja mtungi.

"Umeniaibisha! Ngoma ile ina umri kuliko wewe! Niache! Nipe talaka yangu!"

"Talaka hupati," akasema, anaokota vigae. "Utapata gari."

"Gari gani?"

"Langu la hamali. Kesho unakwenda spitali."

"Siendi."

Akanitazama. Akasema, "Riziki, mimi nabeba magunia toka nna ndevu tatu. Wengi nlianza nao, leo wamelala ndani, migongo imekufa. Mchukuzi hodari si anayebeba. Ni anayejua kutua. Gunia likikuzidi, unalitupa, likipasuka lipasuke."

Nilimwambia mimi si gunia. Kesho yake masika yalifungua, mvua inapiga kama mtu anamwaga kokoto, naye akanipakia kwenye gari lake la mizigo, akanifunika gunia la karafuu, akanisukuma mpaka spitali anapiga ukelele, "Habedari! Habedari!" na watu wanapisha wakidhani ni bidhaa.

Benchi la wanawake lilikuwa refu na limejaa. Palikuwa na Bi Asha binti Mbarouk na jipu lake, palikuwa na Bi Time wa Bumbwini na mtoto wa degedege, na mwisho kabisa nafasi moja. Vuai akaniweka hapo akaenda upande wa wanaume. Nikageuka kumsalimu mwenzangu. Kafunga magoti yote mawili kwa vitambaa. Akanigeukia. Jino la mbele hana.

"We si yule wa ndoo?" akasema.

"Na we si yule wa jino?"

Alinikamata shingo kabla sijamaliza. Nikamshika kanga, tukavutana pale pale tumekaa, Bi Asha na jipu lake anapiga yowe, mtoto wa degedege kanyamaza kutazama. Dresa wa zamu, mfunga vidonda mzee Makame, akaja akagonga karai ukutani.

"Ebo! Hapa spitali! Mnataka kupigana? Haya, simameni mpigane! Ntakupisheni uwanja. Simameni!"

Yule wa jino akajaribu kusimama. Mimi nikajaribu kusimama. Akafika nusu, akarudi. Nikafika nusu, nikarudi. Tukatazamana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, na kicheko kile kiliuma mpaka magotini.

Jina lake Saada binti Khamis. Alikuwa mshukaji wa Kinoo. Tulingoja toka saa mbili mpaka adhuhuri, na katika kungoja huko ndiko nilikopata akili.

"Nyinyi ndo mlotufukia," nikamwambia.

"Sisi? Nyinyi ndo mlotufukia sisi! Tumechimba ua wetu tumekitoa."

"Mmetoa nini?"

"Mfupa wa kuku. Na kigae."

Nikayatazama magoti yake. "Mwashuka mara ngapi?"

"Mia."

"Mia? Juu ya mbuzi?"

"Mbuzi gani? Juu ya chetezo, na makaa yake ndani. Ukichelewa kupanda unaungua."

"Sisi themanini."

"Ndo maana tungekushindeni," akasema, na akafunua kitambaa kimoja. Madonda mawili ya moto, pale pale palipo yangu. Nami nikapandisha kanga nikamwonyesha. Magoti manne, madonda manane. Hakuna aliyetufukia. Tulijifukia wenyewe, kwa mkono wa waliotupenda.

Daktari alitutoa maji magotini kwa sindano ambayo nikiikumbuka meno yanauma. Yakatoka rangi ya mafuta ya nazi, nusu kikombe cha kahawa kila goti. Mzee Makame akatufasiria: miezi mitatu hakuna ngoma, hakuna kuchutama, na mkishuka tena, mtatembelea magongo mpaka kaburini. Tukarudi hapo kila Jumatatu, na kila Jumatatu tulikaa benchi moja.

Lakini mashindano yalikuwa Sikukuu ya pili, siku ya pili ya Idi. Nikikaa mimi peke yangu, Saada atashuka, Wembe wameaibika. Akikaa yeye, nitashuka mimi. Jumatatu ya tatu alinishika mkono.

"Tukatae sote, Riziki. Wakituita, tukae chini, miguu tunyooshe, kama wakongwe. Pamoja."

"Ukinigeuka?"

"Naapa kwa jino langu ulolivunja."

Nami nikaapa.

Ramadhani ikaingia. Mwezi mtukufu ngoma hazipigwi, nasi tukapumzika bila kutaka. Vuai alinichongea kibao cha chooni chenye tundu, akakipiga randa mpaka kikawa laini, akakiweka chooni. Jirani Bi Fatma alinikunia nazi mwezi mzima. Nilijikanda kwa majani ya mbarika yaliyopashwa moto na mafuta ya makonyo ya karafuu. Uvimbe ukashuka. Ikafika siku nilipanda ngazi bila kushika ukuta.

Zuwena, hapa soma mara mbili. Goti linapouma una akili. Linapoanza kupoa ndipo wazimu unapoingia.

Bi Kibibi aliniletea futari kwa mkono wake. Ngoma ilikuwa imewambwa upya. Akaliminya goti langu, akatabasamu, akasema, "Mara moja tu, mwanangu. Sitaki themanini. Moja." Nami sikumwambia nimeapa. Nilisema, "Inshallah."

Sikukuu ya pili uwanja ulikuwa na tope la masika, wanawake wamejaa, Wembe huku, Kinoo kule, mkwaju wa Bi Kibibi mkononi. Saada akasimama mbele yangu kwa nguo mpya. Akanitazama, akafumba jicho moja. Ngoma ikalia.

Nilikunja magoti.

Nimeandika na sifuti. Saada alikuwa kasimama wima, kinywa wazi, pengo lake naliona, ananitazama nikishuka. Sikushuka kwa ajili ya Bi Kibibi. Nilishuka kwa sababu goti lilikuwa haliumi na watu wengi walikuwa wananitazama. Nikafika shibiri moja na ardhi. Wembe wakapiga vigelegele. Na Saada, badala ya kushuka ashindane nami, akakaa chini topeni, na nguo yake mpya, akanyoosha miguu kama tulivyoagana. Peke yake.

Kinoo wakamvamia. Wa kwanza kumpiga alikuwa mwalimu wake mwenyewe, kwa kiatu, kichwani. Mwengine akamvuta nywele. Mmoja, jina lake nalijua na watoto wake wapo hai kwa hiyo silitaji, akamkanyaga goti. Akalikanyaga mara mbili, kwa kisigino, na Saada akatoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu.

Mimi bado nimeshuka, natikisa mabega, nacheka. Nimeshinda.

Sijui niliamua vipi. Nilijirusha. Kutoka pale chini nilijirusha mbele kama chura, nikaangukia magoti yangu yote mawili juu ya jiwe lililokuwa topeni, nikasikia la kulia linapasuka kama kifuu, nikamlalia Saada. Viatu vikawa vinanipiga mimi. Kisha mkwaju. Bi Kibibi alinipiga mgongoni, shingoni, masikioni, analia, anasema, "Ulikuwa ushashinda! Ulikuwa ushashinda, mwanaharamu we!" Niliudaka mkwaju nikauvunja, na kile kipande kilichobaki nikampiga nacho usoni. Nyuma yetu Wembe na Kinoo walikuwa wanachinjana kwa vigoda. Mpaka akina Vuai wakaja na magari yao ya hamali, wakatutoa.

Vuai alitubeba sote wawili gari moja. Njiani Saada akasema, mdomo umejaa damu, "Ulinigeuka."

"Nilikugeuka."

"Ningekuwa mimi nami ningekugeuka," akasema. "Moyoni nlikuwa nshaanza kukunja. We ulinitangulia tu, nikaona haya."

Kipupwe chote nilikuwa Kizimkazi kwa mama yangu. Kila maji yakijaa alinitia baharini mpaka kiunoni, nikatembea ndani ya maji, hatua kumi, kesho kumi na moja. Baridi ile ilikuwa inang'ata mpaka kwenye mfupa. Paja la kulia lilikuwa limekonda kama mpini wa jembe. Nilimtukana mama, Mungu amrehemu, naye akajibu, "Tukana, lakini tembea." Siku goti likigoma, aliniacha nikalala, hakunihimiza. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ambayo Bi Kibibi hakuijua: siku ya kulala.

Vuai alikuwa anakuja kila Ijumaa. Nilimwomba radhi ya mchi. Akasema mtungi ule hata hivyo ulikuwa unavuja.

Nilisali nimekaa mpaka vuli ilipoingia. Alfajiri moja mvua inanyesha nilisujudu, goti likaniruhusu, nikainuka bila kushika kitu. Mama alikuwa nyuma yangu. Alijifunika ushungi uso.

Sikucheza ngoma tena. La kushoto lilipona. La kulia lilibaki bovu, linatabiri mvua kuliko redio. Bi Kibibi tulipatana baada ya miaka. Alikuwa na alama yangu shavuni na mimi nina zake mgongoni, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Saada alikuwa shoga yangu maisha yote. Tulikuwa tukikaa barazani tumenyoosha miguu, watoto wakituruka.

Saada amekufa mwezi wa mfungo tatu uliopita. Alikuwa ameusia nimuoshe mimi. Kitanda cha kuoshea kilikuwa cha miguu mifupi, anayeosha sharti apige magoti. Wanawe wakasema, "Bi Riziki, kaa kitini, sie tutaosha, we tuelekeze."

Nikasema laa.

Nilishuka polepole. Goti lilipiga kelele nyumba nzima wakasikia, na sikucheka wala sikutikisa mabega. Nikamuosha mikono. Nikamuosha mdomo, na pengo. Nilipofika magotini nikazikuta zile alama za moto, mbili huku, mbili huku, zimekuwa nyeupe kama mbegu za boga. Nikazipitishia maji mara tatu, wakati moja ingetosha.

Nilipomaliza niliweka mkono chini, nikaegemea, binti yake akanishika kwapani, nikanyanyuka. Kwa sheria ya Bi Kibibi hapo nimeshindwa. Zuwena, weka mkono chini.